UCHAMBUZI: Ni lini serikali ina haki ya kukutana faraghani?

MNAMO Mei 6, 2020, wenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, wakiwa katika mfungo wa Ramadhani, walipata habari kwamba mtaa wao umefungwa. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa kwa muda wa siku 15 hakuna mtu angeruhusiwa kuingia wala kutoka katika mtaa huo, kutokana na ongezeko la maambukizi ya virusi vya corona. Amri iyo hiyo iliukumba mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Masoko na mikahawa pia ilitakiwa kufunga milango.

Siku hizo 15 zilipokwisha, amri iliongezwa hadi Juni 6. Iddi ya Fitri ikaangukia humo ndani ya kizuizi. Mchuuzi aliyekuwa akivuka kwenda Majengo kutafuta riziki, msaidizi wa nyumbani aliyeishi Kisauni na kuajiriwa Kibokoni, pamoja na mvuvi aliyetegemea wateja wa nje ya mtaa, wote waliulizana swali moja: jambo hili limeamuliwa wapi, na nani, na kwa hoja gani?

Swali hilo halikuwa la ukaidi. Gonjwa lilikuwa la kweli na hatari ilikuwa kubwa. Lakini uamuzi wa aina hiyo huzaliwa katika vikao vya maafisa ambavyo raia haalikwi na mwandishi wa habari haingii. Kinachomfikia mwananchi ni tangazo tu. Hapo ndipo linapochipuka suala ambalo ni kubwa kuliko corona na litaendelea kuwapo baada yake: ni lini chombo cha serikali kina haki ya kufunga mlango, na kikishaufunga kinawiwa nini na wale walioachwa nje?

Baraza lenye maana mbili

Pengine hakuna mahali ambapo neno la Kiswahili linalifafanua suala hili vizuri zaidi kuliko Mji wa Kale. Baraza ni kikao cha watawala au wazee wanaoamua mambo. Baraza vilevile ni kile kibao cha mawe na chokaa kilichojengwa ukutani nje ya nyumba, ambapo wazee wa Ndia Kuu na Kuze huketi jioni wakinywa kahawa na kuzungumza. Baraza hiyo iko nje makusudi. Apitaye husalimu, husikia na akitaka huchangia. Mambo ya ndani ya familia hayazungumzwi hapo. Hayo hupelekwa ukumbini, mlango ukafungwa.

Waliojenga nyumba hizo walijua kwamba si kila jambo ni la hadharani na si kila jambo ni la sirini. Kazi ni kujua lipi ni la wapi. Matatizo huanza pale jambo la barazani linapochukuliwa kimyakimya na kupelekwa ndani.

Katiba yasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikuliacha suala hili likielea. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kufanya vikao vyake pamoja na vya kamati zake hadharani. Kifungu cha 196 kinayabebesha mabunge ya kaunti wajibu uo huo. Bunge la Kaunti ya Mombasa, ambamo wadi ya Mji wa Kale/Makadara ina mwakilishi wake, halina ruhusa ya kumzuia mwananchi au chombo chochote cha habari kuhudhuria kikao, isipokuwa katika hali ya kipekee ambapo Spika ameamua kwamba kuna sababu za haki za kufanya hivyo.

Maneno hayo machache yana masharti matatu. La kwanza, uwazi ndio kawaida na faragha ndiyo inayohitaji kuombewa ruhusa. Si juu ya mwananchi kueleza kwa nini anataka kuingia, bali ni juu ya bunge kueleza kwa nini hataingia. La pili, mwenye mamlaka ya kufunga ametajwa. Si mwenyekiti wa kamati, si karani wala askari wa mlangoni, bali ni Spika. La tatu, lazima pawe na sababu inayoweza kutetewa mbele ya mtu mwingine, maana sababu isiyoweza kutamkwa haiwezi kuitwa ya haki.

Kwa hiyo kamati ya bunge la kaunti inayowatoa waandishi nje kwa kuwa tu mjadala umekuwa mkali, au kwa kuwa jina la mkubwa fulani limetajwa, huwa imevunja Katiba. Fedheha si siri ya serikali.

Wale wasioguswa na kifungu hicho

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Masharti hayo yanayafunga mabunge. Hayagusi moja kwa moja baraza la mawaziri, kamati kuu ya kaunti inayoongozwa na gavana, kamati za usalama, kamati za dharura wala bodi za mashirika ya umma. Kenya haijawa na sheria moja ya jumla inayosema ni vyombo gani vya serikali vikutane hadharani, notisi itolewe lini na mlango ufungwe kwa sababu zipi. Miswada kadhaa ya ushirikishaji wa umma imewahi kuwasilishwa Bungeni tangu 2016, lakini kushirikisha umma na kuufungulia umma mlango wa kikao ni mambo mawili tofauti.

Na ukweli ni kwamba maamuzi yanayoubana zaidi Mji wa Kale hutoka katika vyombo hivyo. Mtaa huo ni eneo la hifadhi ya kihistoria, kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kubomoa au kubadilisha sura ya jengo lake bila idhini. Ufuo wake umepakana na Ngome ya Yesu, iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Uchumi wake umeshikamana na bandari. Vijana wake wamekuwa wakiandamwa na janga la dawa za kulevya na operesheni za polisi. Katika hayo yote, neno la mwisho kwa kawaida halitoki katika ukumbi wa bunge la kaunti, bali katika ofisi, bodi na kamati ambazo mwananchi hajui hata hukutana siku gani.

Zipo sababu za msingi za kuviachia vyombo vya utendaji nafasi ya faragha. Mawaziri wanahitaji kupingana bila hofu kabla ya kusema kwa sauti moja. Mshauri anayejua kwamba kila neno lake litachapishwa kesho huenda akasema linalopendeza badala ya lililo kweli. Ndiyo maana Katiba, katika Kifungu cha 183, haikuitaka kamati kuu ya kaunti ikutane hadharani, bali iliitaka ilipe bunge la kaunti taarifa kamili na za mara kwa mara. Walioandika Katiba walikubali mlango ufungwe, mradi tu kilichoamuliwa kisibaki ndani.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ilikwenda hatua mbele. Sehemu yake ya tano inavitaka vyombo vya umma kuchapisha mambo yote muhimu vinapotunga sera au kutangaza maamuzi yanayowagusa wananchi, na kumpa yeyote sababu za maamuzi hayo. Hilo halimpi mwananchi kiti kikaoni, lakini linamlazimisha aliyekaa kikaoni kutoka nje na kueleza.

Gharama ya milango iliyofungwa

Kinachotokea wajibu huo unapopuuzwa kilionekana Mombasa kwenyewe. Agosti 2019, Halmashauri ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru zilitoa maagizo kwamba kontena za mizigo inayoelekea bara zisafirishwe kwa reli mpya ya SGR. Madereva wa malori, mawakala wa forodha, wamiliki wa maghala na mama wauzaji chakula waliokuwa wakiishi kwa shughuli hizo waliamka siku moja wakakuta msingi wa riziki yao umehamishwa. Maandamano yalifuata barabarani. Novemba 2020, jopo la majaji wa Mahakama Kuu mjini Mombasa liliyatupilia mbali maagizo hayo, likisema yalitolewa bila kuwashirikisha wananchi.

Mfano wa pili ulihusu reli hiyo hiyo. Wanaharakati wawili, Bw Khelef Khalifa na Bi Wanjiru Gikonyo, waliishtaki Serikali katika mahakama ya Mombasa wakitaka mikataba ya ujenzi wa SGR iwekwe wazi. Miongoni mwa hoja za Serikali ilikuwa kwamba mikataba yenyewe ina vifungu vya usiri. Mei 13, 2022, Jaji John Mativo aliamuru itolewe. Novemba mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, alitoa sehemu ya hati hizo kwa umma.

Funzo la kesi hiyo ni zito. Watu wawili wakikubaliana kuficha jambo, makubaliano yao hayamfungi mwenye mali. Na katika mkopo wa umma, mwenye mali ni mwananchi ambaye atalipa pamoja na watoto wake.

Mombasa ina sababu ya kihistoria ya kuutazama mlango uliofungwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1961, Sir James Robertson alitumwa kuchunguza mustakabali wa ukanda wa Pwani wa maili kumi, uliokuwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar kwa jina na chini ya Uingereza kwa utawala. Kamishna huyo alisikiliza maoni ya wenyeji. Lakini mkataba wenyewe uliouunganisha ukanda huo na Kenya ulitiwa saini London mnamo Oktoba 1963, kati ya serikali na serikali. Bila kujali mtu anauonaje uamuzi huo, ni dhahiri kwamba kusikilizwa hadharani na kisha kuamuliwa kwingineko si jambo jipya kwa mtu wa Pwani.

Yapi yana haki ya kusitiriwa?

Itakuwa kosa kudai kwamba kila kitu kimwagwe uwanjani. Sheria ya 2016 yenyewe, katika sehemu ya sita, inataja yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, mwenendo wa haki mahakamani, usalama wa maisha ya mtu, faragha ya mtu binafsi, maslahi ya kibiashara, na mashauriano ambayo bado hayajakomaa. Lakini hata hapo sheria inaongeza kwamba mahakama inaweza kuamuru habari itolewe iwapo maslahi ya umma ni makubwa kuliko madhara ya kuifichua.

Chukua mifano ya kawaida ya Mji wa Kale. Familia inayogombania mirathi ya nyumba ya zamani haistahili ugomvi wake usomwe hadharani kwa sababu tu imeomba kibali cha ukarabati. Mama aliyewataja kwa polisi wauzaji wa heroini katika kichochoro chake anaweza kulipa kwa damu jina lake likivuja. Kijana anayetibiwa uraibu ana siri na daktari wake. Kaunti inayotaka kununua kiwanja cha shule haifai kutangaza bei ya juu kabisa iliyo tayari kulipa. Hayo ni mambo ya ukumbini.

Lakini ukiyatazama kwa makini utagundua kwamba kinachostahili kufichwa ni jina, bei au taarifa fulani, na kwa muda fulani. Si mkutano mzima, wala si milele. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaonyesha njia. Zabuni hufunguliwa mbele ya waliozileta au wawakilishi wao. Kisha hutathminiwa faraghani ili pasiwe na shinikizo. Mwishowe mshindi hutajwa na walioshindwa huelezwa sababu. Shughuli ni moja, lakini mlango umefunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, kila hatua kwa sababu yake. Ufisadi unaoikumba sekta hiyo hautokani na mpango huo bali na wanaoukwepa.

Kipimo hicho kikiwekwa juu ya yaliyotokea Mei 2020, jibu linakuwa la haki kwa pande zote. Kamati iliyopendekeza kuufunga mtaa ilikuwa na sababu ya kukutana kimya mara ya kwanza: habari zingevuja mapema, watu wangekimbia na ugonjwa pengine ungesambaa. Lakini sababu hiyo iliisha tangazo lilipotolewa. Uamuzi wa kuongeza muda ulikuja wiki mbili baadaye, wakati mtaa ulikuwa tayari umefungwa na hakuna wa kukimbia. Hapo palikuwa na nafasi ya kikao cha wazi, hata kwa njia ya redio, cha kuwasikiliza maimamu, wazee wa mtaa, wafanyabiashara na madaktari, na kuweka mezani takwimu zilizotumika. Dharura iliyohalalisha usiri wa kwanza haikuhalalisha wa pili.

Mlango ulio wazi usioingilika

Kuna namna nyingine ya kufunga mlango bila kugusa komeo. Notisi hubandikwa leo kwa ajili ya mkutano wa kesho. Bajeti ya kaunti, kitabu kizito cha kurasa nyingi, husambazwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkutano hupangwa wakati wa swala ya Ijumaa, kisha ripoti ikaandika kwamba wenyeji hawakujitokeza.

Umbali nao ni komeo. Ni jambo la kawaida kamati za mabunge ya kaunti za bara kuja kufanya warsha na kupitia miswada katika hoteli za Pwani. Kwa herufi ya sheria huenda kikao hicho ni cha wazi. Lakini mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka Mombasa atahudhuriaje? Katika hali hiyo jiji hili hugeuzwa chumba cha ndani cha kaunti nyingine, na mpiga kura wao hubaki baraza isiyo na mazungumzo.

Nchi nyingine zimepitia njia hiyo. Nchini Uingereza, sheria ya 1960 iliyowasilishwa na mbunge mpya wa wakati huo, Margaret Thatcher, ililenga mabaraza ya miji yaliyokuwa yakijigeuza kuwa kamati ili kuwafungia waandishi nje. Ilitaka baraza linalofunga mlango lipitishe azimio na kutaja sababu. Marekani ilipitisha sheria ya jumla mwaka 1976, baada ya kashfa ya Watergate. Tume za serikali kuu zinazoongozwa na jopo zilitakiwa kutoa notisi ya angalau wiki moja, na kikao kufungwa tu kwa kura ya wengi iliyorekodiwa, kwa mojawapo ya sababu kumi zilizoorodheshwa.

Wapinzani wa sheria za aina hiyo wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Wanasema kikao cha hadharani huwageuza viongozi kuwa waigizaji mbele ya kamera, na maamuzi ya kweli huhamia kwenye simu na meza za mikahawa. Ni kweli hilo hutokea. Lakini dawa yake si kuhalalisha meza ya mkahawa. Uamuzi uliopikwa pembeni, ukilazimika kusomwa hadharani pamoja na sababu zake na majina ya waliouunga mkono, hupata wa kuuhoji. Ukibaki ndani haupati.

Haki isiyotumiwa

Wakati sheria ya jumla haijatungwa, mwananchi hana mikono mitupu. Sheria ya 2016 inamruhusu kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza kwa nini anazitaka. Afisa ana siku 21 za kujibu, na saa 48 iwapo habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Wakazi wa Mji wa Kale wanaweza kuomba kumbukumbu za kikao kilichoamua juu ya ufuo wao, barabara yao au nyumba zao, wakaandika barua hiyo kwa lugha wanayozungumza barazani.

Wawakilishi wadi nao wanaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Bunge la kaunti lina uwezo wa kutunga sheria inayozitaka bodi na kamati za kaunti kutoa notisi ya siku za kutosha kwa Kiswahili, kutaja kwa maandishi sababu ya kufunga sehemu yoyote ya kikao, kumtaja aliyeamua kuifunga, na kuweka tarehe ambayo kumbukumbu zitafunguliwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni kiongozi aliye tayari kuulizwa.

Serikali inayofunga mlango na kusema kwa nini, kwa muda gani, na nini kitatoka, itaheshimiwa hata na wasiokubaliana nayo. Inayofunga na kunyamaza huwaachia wenyeji kazi ya kubuni sababu, na wanazobuni kwa kawaida ni mbaya kuliko ukweli. Wazee walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mombasa imeusikia mshindo huo zaidi ya mara moja.